Namna ya kupima arbitre pahali hakuna kamera

Mupira ukiisha siku ya Mungu, Kabambare sawa vile Kasongo, kila mutu anageuka mwamuzi. Walioshindwa wanasema arbitre alikula pesa. Walioshinda wanasema alipuliza filimbi vizuri sana. Wote wanapima magoli, hakuna anayepima kazi yake. Matusi yanaanzia hapo, kiisha mawe, na kijana aliyekubali kubeba filimbi harudi tena juma lijalo. Tutamupata wapi mwingine?

Kazi hiyo inapimika. Marekani, kwenye ligi kubwa ya besiboli, kamera zinapima kila mupira unaorushwa na kulinganisha na vile mwamuzi aliita. Ulaya, UEFA inatuma mutu akae pembeni na karatasi. Alama zinaenda mpaka 10. Arbitre aliyefanya kazi vile inatakiwa anapata 8,3 ao 8,4. Akifanya kosa moja kubwa la wazi, tuseme kunyima penalti ya kweli, anashuka 7,9, hata kama dakika zingine zote zilikuwa safi. Ugumu wa mechi nao unaandikwa kando, kwa sababu mechi ya kirafiki na fainali si mzigo mmoja.

Sisi kamera hatuna, lakini tuna macho. Tuanze na miguu. Katika jaribio la FIFA, arbitre mwanaume wa kimataifa anakimbia mita 75 kwa sekunde 15, anatembea mita 25 kwa sekunde 18, anarudilia hivyo mara 40. Ni kilometa 4. Juu ya nini wanamuchosha hivyo? Kwa sababu aliye mbali anakisia. Basi ulizo la kwanza si « ilikuwa penalti? » bali « alikuwa amesimama wapi? » Aliyekuwa mita 15, bila mgongo wa mutu mbele yake, aliona, hata kama baadaye tunabishana naye. Aliyebaki katikati ya kiwanja alibahatisha, hata kama alipatia.

Kisha usawa: rafu iliyoleta kadi dakika ya 10 ilete kadi dakika ya 80 pia, na kwa timu zote mbili.

Lazima pia kutafuta sababu ya kosa. Tarehe 12 Januari 2022, kule Limbe, Kameruni, Janny Sikazwe wa Zambia alimaliza mechi ya Tunisia na Mali dakika ya 85, akarudisha mchezo, akaumaliza tena kabla ya 90 kutimia. Wengi walimuita mwizi. Baadaye ilielezwa kwamba joto lilimuzidi. Kosa lilibaki kosa, na lilikuwa kubwa, lakini dawa ya joto ni maji na mapumziko, si kufukuza mutu.

Kwetu ingetosha watu wawili wasio wa timu zinazocheza, na kaye moja. Kila uamuzi mukubwa waandike dakika, pahali ulipotokea, na arbitre alikuwa mbali namna gani. Waandike palepale, mbele ya makelele. Kesho yake wakae naye pembeni, bila wakubwa wa timu, wamusomee. Na wasimuhukumu kwa mechi moja. Wangoje tatu ao ine.