Kazi ya kulalisha wagonjwa si mabaki ya umunganga



Kila mwaka matokeo ya EXETAT yakitoka, sisi walimu wa mwaka wa sita hatupati usingizi. Si kwa sababu ya wale walioanguka. Hao tunajua la kuwaambia. Ni kwa sababu ya wale waliopita. Wamama wanafika nyumbani kwetu na simu mkononi, wanatuonyesha asilimia, na swali ni lile lile: mwalimu, huyu mtoto asome nini sasa?

Safari hii mama mmoja wa MUSO yetu alikuja na binti yake aliyepata asilimia 66 katika bio-chimie. Mama anauza sambaza sokoni, baba wa watoto hayupo tena, na nyuma ya binti huyu kuna wadogo wanne wanaosoma. Tangu binti akiwa mtoto mdogo, mama aliwaambia majirani wote kwamba huyu atakuwa munganga. Tulikaa, tukachukua kalamu. Umunganga ni karibu miaka saba pamoja na staji, ikiwa mtoto harudii hata mwaka mmoja. Minervali, nyumba, sindika za vitabu, blauzi nyeupe, usafiri. Tulipofika mwaka wa nne, hesabu ilikataa kwenda mbele, hata tukiongeza deni la MUSO.

Ndipo binti, aliyekuwa kimya muda wote, akasema kwamba hata hivyo yeye hataki umunganga. Anataka kuingia ISTM, asomee anestezi na reanimasio, ni kusema kulalisha wagonjwa wanaopasuliwa na kuwashikilia katika uhai. Mama alikunja uso. Alisema hakupigwa na mvua sokoni miaka yote hii ili mtoto wake awe msaidizi wa mtu.

Tuseme ukweli: nasi tulikosa jibu. Sisi walimu tuna desturi mbaya. Wanafunzi wenye nguvu tunawasukuma kwenye fakilte ya medisini, na wanaobaki tunawaambia "ISTM pia si mbaya". Sauti yenyewe inaonyesha tunachofikiri. Basi tulimwomba mama huyo atupe majuma mawili. Tulikwenda kuzungumza na mama mmoja anestezisti mwenye miaka mingi katika kazi hiyo, tukauliza, tukasoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Anayekaa upande wa kichwa

Hapa kwetu Kivu, nani asiyejua jina la Munganga Denis Mukwege? Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa ajili ya wanawake aliowatunza Panzi. Lakini fikirini kidogo: kila mwanamke aliyelala juu ya meza ile, kuna mtu aliyekuwa amekaa upande wa kichwa chake. Hakuna munganga anayeweza kushona mtu anayejikunja na kupiga kelele. Zamani ilikuwa hivyo kweli: wanaume wenye nguvu walimshika mgonjwa, na mpasuaji alisifiwa kwa kuwa mwepesi wa kisu. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika mji wa Boston kule Marekani, daktari wa meno aitwaye William Morton alionyesha mbele ya waganga kwamba mgonjwa anaweza kuvuta mvuke wa dawa ya eteri na kupasuliwa bila kulia. Upasuaji wote mkubwa tunaoujua leo umejengwa juu ya siku hiyo.

Wengi tunafikiri kwamba anestezisti anapiga sindano moja, halafu anakaa. Mama tuliyezungumza naye alicheka tulipomwambia hivyo. Kulalisha mtu si kazi ngumu, alisema. Kazi ni kumrudisha. Mtu aliyelazwa na dawa anaweza kusahau kupumua. Ulimi unaweza kufunga njia ya hewa, presha inaweza kushuka, chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia katika mapafu. Munganga anatazama kidonda, na yeye anamtazama mtu. Anahesabu pumzi, anashika mshipa, anatazama rangi ya midomo, anasoma kile kifaa kidogo kinachobana kidole na kuonyesha oksijeni ya damu. Kifaa hicho kikibadilisha sauti, yeye anasikia kabla ya wengine wote.

Hapa tupitie kidogo mambo yanayowahusu ninyi wenyewe, maana wengi wetu tutapita kwenye meza hiyo siku ya kuzaa. Anestezisti akikuuliza umekula saa ngapi, sema kweli. Kwa upasuaji uliopangwa, mgonjwa anakaa masaa 6 bila chakula, na masaa 2 bila hata maji. Mama aliye katika uchungu wa kuzaa tumbo lake linachelewa kumaliza chakula, kwa hiyo hatari yake ni kubwa zaidi. Tunajua bibi zetu wanatuletea bui kwa siri ili tupate nguvu. Kama umekunywa, sema. Hatakukasirikia kwa muda mrefu, atabadilisha mpango. Sema pia kama una pumu, kama kuna dawa inayokuletea shida, kama jino linatikisika.

Na ile sindano ya mgongo ambayo wamama wanaiogopa sana: inakufa ganzi tumboni na miguuni, wewe uko macho, unasikia mtoto wako akilia kwa mara ya kwanza. Inaweza kushusha presha na kuleta kichefuchefu, na wengine wanapata maumivu ya kichwa siku zinazofuata. Hayo wanajua kuyatunza. Lakini maumivu ya mgongo ya miaka na miaka, tunayoisingizia sindano hiyo, yanawapata pia wamama waliozaa bila sindano yoyote. Kubeba mimba, kubeba mtoto, kubeba mzigo wa sokoni: tusitafute mbali.

Jambo jingine, na hili limevunja amani katika nyumba fulani. Katika hospitali zetu ketamine inatumiwa sana, maana inaondoa maumivu na kulalisha bila kuzima pumzi kama dawa nyingine, na haidai mashine kubwa. Imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1985. Lakini mtu anayezinduka kutoka ketamine anaweza kuona mambo, kulia, kutaja majina, kusema maneno ya ajabu. Hayo ni ndoto za dawa. Si ungamo, wala si ushahidi wa uchawi. Wakwe na mawifi wanaosimama mlangoni wakisikiliza, tafadhali waende nyumbani.

Msaidizi wa nani?

Neno "msaidizi" ndilo lililomchoma mama yetu, basi tuliangalie. Kule Marekani, ambako jamaa zetu wengi wametumwa kuishi, kuna kazi inayoitwa kabisa msaidizi wa munganga wa anestezi. Ilianza mwaka 1969 katika vyuo viwili, Emory mjini Atlanta na Case Western Reserve mjini Cleveland. Mwanafunzi anamaliza kwanza digrii ya miaka minne akiwa na masomo ya sayansi, kisha anaongeza masta ya miaka miwili na kidogo. Ni njia fupi kuliko ya umunganga, na anayeishika anafanya kazi siku zote chini ya munganga wa anestezi. Tena si majimbo yote ya nchi hiyo yanayomruhusu. Wenye watoto huko waulize vizuri kabla ya kulipa.

Kwetu Kongo hali ni tofauti sana. Waganga waliosomea anestezi ni wachache mno, na wengi wao wako katika miji mikubwa. Ukiingia katika hospitali kuu ya zoni ya afya, huko ndani ambako barabara inakwisha, anayelalisha ni infirmie aliyesomea kazi hiyo, na mara nyingine aliyefundishwa tu na mwenzake. Saa nane ya usiku mama analetwa juu ya kipoyi, mtoto amekwama, umeme umekatika, mashine ya kutengeneza oksijeni imezima mpaka mtu aende kuwasha jenereta. Munganga anashika kisu. Upande wa kichwa yuko mtu mmoja peke yake, na hana mkubwa wa kumpigia simu. Je, huyo ni msaidizi wa nani?

Wala si jambo jipya kwamba mwanamke asiye munganga abebe kazi hii. Huko Rochester, jimbo la Minnesota, ndugu wawili waganga wa jina la Mayo walimpa kazi ya kulalisha wagonjwa wao infirmie aitwaye Alice Magaw. Mwaka 1906 aliandika juu ya wagonjwa zaidi ya 14,000 aliowalalisha bila kupoteza hata mmoja kwa sababu ya dawa ya usingizi. Siri yake haikuwa mashine. Alizungumza na mgonjwa kwa upole, alimpa dawa kidogo kidogo, na hakuondoa macho yake juu yake.

Njia yenyewe, na miiba yake

Katika ISTM zenye idara hii, hatua ya kwanza inachukua karibu nusu ya miaka ya umunganga. Zamani tulisema graduat ya miaka mitatu, ile A1, kisha lisanse kwa anayetaka kuendelea. Sasa mtindo wa LMD umebadilisha majina, kwa hiyo ulizeni sekretarieti ya chuo, msisikilize watu wa mtaani. Si kila ISTM ina idara hii. Aliyetoka bio-chimie au ITM ana msingi mzuri, lakini msingi si kila kitu. Sisi walimu tunaangalia jambo moja: mtoto anafanyaje hesabu akiwa amechoka? Tazameni: mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 2 za dawa kwa kila kilo. Hiyo ni miligramu 24. Chupa ina miligramu 50 katika mililita moja. Utavuta ngapi? Ni 0.48. Anayeweka koma mahali pabaya na kuvuta 4.8 amempa mtoto mara kumi. Kumbe ile sheria ya tatu tunayoipigia kelele darasani ina mtu wa kweli nyuma yake.

Msidanganywe na bei ndogo. Kuna vyuo vinavyofunguliwa katika nyumba ya kukodi, bila maabara, bila hospitali ya staji. Familia moja tunayoijua ililipa miaka miwili, kisha ikagundua kwamba diploma ya chuo hicho haitambuliwi. Kabla ya kutoa faranga moja, ombeni kuona hati ya Wizara inayoruhusu chuo na idara hiyo, na mwulize ni hospitali gani inayopokea wanafunzi wa staji.

Na mshahara? Hatutawapamba. Wengi wanafanya kazi ya serikali bila kuingizwa kwenye orodha ya malipo, wanaishi kwa prime ya hospitali, na prime inategemea wagonjwa waliolipa. Usiku ni mwingi. Mume asiyeelewa simu za saa tisa usiku ataleta maneno. Tena njia hii si mlango wa nyuma wa kuingia umunganga: anayetaka kuwa munganga baadaye ataanza tena kwenye fakilte. Binti anayeichagua akifikiri ni ngazi tu, atachoka mapema.

Tulirudi kwa mama yetu na hayo yote, mabaya na mazuri. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo sisi hatukulifikiria. Alipomzaa huyu binti, walimpasua usiku. Anamkumbuka mwanamke aliyemshika paji la uso na kumwambia kila kinachofanyika, mpaka mtoto alipolia. Hakuwahi kujua jina lake, na miaka yote alifikiri ni munganga. Je, alikuwa mtu wa kazi hii? Tulimwambia, kwa jinsi anavyoeleza, inawezekana sana. Alinyamaza. Binti alikuwa akitazama chini.

Siku ya pili walipita mapema, kabla ya soko, kuomba tuwasaidie kuandaa dosie: atestasyo ya EXETAT, buleteni za miaka miwili ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, picha. MUSO imekubali kukopesha sehemu ya minervali ya mwaka wa kwanza, na mama ataanza kulipa baada ya Noeli. Wengine wenye mabinti waliopita mwaka huu, mje nao Jumamosi siku ya mkutano, saa nane. Yule mama anestezisti amekubali kuja, asipoitwa hospitalini.