Kwa Nini Bei za Shanga Zilitofautiana Katika Njia ya Misafara?

Mtahiniwa, usidhani kwamba katika biashara ya karne ya 19 shanga zote zilikuwa na thamani moja. Zingatia sababu hizi:

(i) Mahitaji ya wenyeji. Wanyamwezi walipenda shanga nyekundu zilizoitwa samesame. Nyeusi zilipokelewa Ugogo, lakini kwingine zilikataliwa. Msafara uliobeba aina isiyotakiwa ulishindwa kununua chakula cha wapagazi.

(ii) Gharama za safari. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akafika Tabora Juni. Muda wote huo wapagazi walilishwa, na watawala wa njiani walidai hongo, yaani ushuru wa kupita. Ndiyo maana shanga zilikuwa ghali zaidi bara kuliko pwani.

(iii) Ugavi. Shanga nyingi zilitengenezwa Venice, Italia. Misafara ilipoleta aina moja kwa wingi, bei yake ilishuka; ilipoadimika, ilipanda.

Kumbuka: shanga nyeusi zilikuwa mali Ugogo, lakini Tabora zilikuwa mzigo wa bure. Katika mtihani, usitaje hoja tu. Ieleze, kisha itolee mfano.