Saratani Hupigwa Vita Utandoni mwa Seli

Mwambao wa Kigwena, kusini ya mji wa Rumonge, umejaliwa michikichi, msitu na ndagala wa Ziwa Tanganyika. Lakini ziwa hilo liko mita 770 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na katika joto hilo mbu wa malaria hustawi. Askari anayeishi huku na jamaa yake hana budi kumjua adui mwingine afuataye nyayo za malaria: uvimbe wa Burkitt, saratani ya watoto ambayo mara nyingi huanzia tayani.

Uvimbe huo ulielezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliyepata kuwa daktari katika jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari yapata kilomita 16,000 akiulizia hospitali moja moja. Akabaini kuwa ugonjwa huo ni haba katika nchi zilizoinuka kupita mita 1,500, bali huonekana penye joto na mvua. Kwa kipimo hicho, Kigwena imo katika eneo la hatari.

Heri ni kwamba saratani hii husikia dawa. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando laini wa mafuta, ambao ndio lango lake. Dawa ya vinkristini, itokanayo na mmea wa Madagaska, hupenya humo na kuvunja nyuzi ambazo seli huzitumia kujigawa. Seli inayokufa hufanya malengelenge utandoni, na mafuta ya upande wa ndani hugeukia nje. Kwa ishara hiyo seli walinzi huimeza. Mwaka 2007 watafiti wa California walipima seli za saratani ya damu zilizotiwa dawa, wakakuta kwamba zikifa huwa ngumu zaidi.

Lakini adui naye ana hila. Mwaka 1976 Juliano na Ling, nchini Kanada, walieleza protini ya utandoni katika seli zilizokuwa sugu. Baadaye ikathibitika kuwa ni pampu inayotupa nje dawa kadhaa, vinkristini ikiwamo. Hiyo ni sababu mojawapo ya waganga kutumia dawa mbalimbali kwa pamoja.

Uvimbe huu waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Basi, ndugu askari, taya la mtoto likivimba na meno yakilegea, usingoje likizo wala usiishie kung'oa jino. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na akianza matibabu, ayakamilishe. Lindo lililoachwa kabla ya zamu kwisha ni mlango aliofunguliwa adui.