Gari likijipunguzia mwendo, nani anamwambia wa nyuma?

Jumamosi moja jioni tulikuwa tukipanda Waiyaki Way kuelekea Uthiru. Matatu ikatupita upande wa kushoto, dereva akashusha kioo na kumfokea rafiki yangu: "Mzee, taa zako za breki zimekufa!" Makanga aliyekuwa akining'inia mlangoni akaongeza lake, ambalo si la kuchapishwa gazetini. Rafiki yangu alibaki ameduwaa. Taa zake zilikuwa nzima kabisa, na tangu tuipite Kangemi hakuwa amegusa breki hata mara moja.

Gari ndilo lililokuwa likipunguza mwendo. Lenyewe.

Ni Subaru Forester iliyotumika Japani kabla ya kushushwa Mombasa. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na kwa hiyo magari ya mtumba yanayotufikia siku hizi yanakuja na vitu ambavyo wengi wetu hatukuviomba. Redio inaongea Kijapani, kitabu cha maelezo ni cha Kijapani, na vitufe vya kwenye usukani tunavibonyeza kwa kubahatisha. Rafiki yangu alibahatisha akaipata kruzi, yaani mtambo unaoshikilia mwendo bila wewe kukanyaga mafuta, na tangu siku hiyo mguu wake umestaafu.

Kruzi ya zamani ilikuwa kipofu: ukiipangia 80 ilikwenda 80, mbele kuwe na lori au ukuta. Hii mpya ina macho. Subaru huweka kamera mbili juu kwenye kioo cha mbele, kandokando ya kioo cha kutazamia nyuma. Kampuni nyingine hutumia rada, ambayo mara nyingi hufichwa nyuma ya nembo ya mbele. Unaipangia mwendo na nafasi unayotaka kuiacha. Ikikuta gari linalokwenda 60, inashuka nalo hadi 60. Gari hilo likiondoka njiani, inapanda tena.

Inashukaje? Kama wewe tu. Kwanza inakata mafuta na kuiacha injini ivute gari nyuma. Inaweza pia kuteremsha gia. Hayo yasipotosha, ndipo inapoamuru breki zishike. Sasa angalia: kwenye gari la petroli, hatua zile za mwanzo haziwashi taa yoyote, kama vile wewe ukiinua mguu kwenye mafuta pale Museum Hill hakuna atakayeona chochote nyuma yako. Mitsubishi Diamante ya mwaka 1995, mojawapo ya magari ya kwanza kabisa duniani kupima umbali kwa miali ya leza, haikuwa na uwezo wa kushika breki kamwe. Ilijua kukata mafuta na kuteremsha gia, basi. Mercedes-Benz ndio waliokuja baadaye na rada iliyoruhusiwa kugusa breki.

Hata breki zenyewe zikishika, kuna mwanya. Kanuni ya Umoja wa Mataifa kuhusu breki za magari madogo, nambari 13-H, inasema gari likijishikia breki lenyewe ni lazima liwashe taa, ila linaruhusiwa kunyamaza ikiwa linapoteza chini ya mita 0.7 kwa sekunde katika kila sekunde. Kwa lugha ya dashibodi, hizo ni kama kilomita 2.5 kwa saa kila sekunde. Zinaonekana kidogo. Tuzipigie hesabu.

Chukua magari mawili yanayokwenda 80, la nyuma likiwa mita 20 kutoka la mbele, yaani urefu wa magari manne hivi. Hiyo kwa Nairobi ni heshima kubwa. La mbele linaanza kupungua kwa kiasi hicho, bila taa. Wa nyuma akiwa anamtazama mchuuzi wa njugu au anamjibu mkewe, magari yatagusana kabla ya sekunde 8 kuisha, la mbele likiwa limeshuka hadi karibu 61. Na jicho la binadamu ni zito kutambua kitu kinachomkaribia polepole. Breki ya ghafla huinua buti ya gari la mbele na unashtuka. Huku kupungua kwa adabu hakumshtui mtu.

Sikutaka kuamini vitabu peke yake. Jumapili asubuhi, barabara ikiwa nyeupe, tuliingilia Nairobi Expressway pale James Gichuru kuelekea Mlolongo. Rafiki yangu alitangulia na Forester, mpwa wangu akatuendesha nyuma yake, mimi nikashika simu. Baada ya kuvuka katikati ya jiji tulikuta pikapu ikijiendea taratibu.

"Linapunguza," rafiki yangu akasema. "Sabini na saba."

"Hakuna taa."

"Sabini na nne."

"Hakuna."

"Sabini na..."

"Imewaka!"

"Na huku imewaka!" akapiga kelele, kwa furaha ya mtoto. Kwenye skrini ya dashibodi yake kuna picha ndogo ya gari likionekana kwa nyuma, na taa zake mbili hugeuka nyekundu kila taa za breki zinapowaka. Amekuwa akiitazama picha hiyo kwa miezi, akidhani ni pambo. Mpwa wangu, kwa upande wake, hakuingoja taa. Alikuwa ameshakanyaga breki yetu kwenye 74.

Magari ya umeme na Nissan Note e-Power yana mambo yao. Ukiinua mguu kwenye mafuta, mota hugeuka jenereta na gari linashikwa kwa nguvu kuliko injini ya petroli inavyoweza. Hapo kanuni ileile inalazimisha taa iwake kupungua huko kukizidi mita 1.3 kwa sekunde katika kila sekunde. Kati ya 0.7 na 1.3, mtengenezaji anaamua mwenyewe. Ndiyo maana magari mawili ya aina hiyo yanaweza kupungua sawasawa, moja likawasha taa na jingine lisiwashe.

Tatizo la Nairobi linazidi hapo. Kruzi huacha nafasi mbele, na kwenye Ngong Road nafasi ni mwaliko. Matatu inaingia, kruzi inarudi nyuma kuacha nafasi nyingine, bodaboda nayo inaingia, na wewe unazidi kurudi nyuma huku unayemzuia akikutukana. Sisi tuna lugha yetu ya kuambiana kuna nini mbele: hazadi zikiwaka ghafla, mkono ukitoka dirishani, kofi la makanga kwenye bodi. Kruzi haijui hata neno moja la lugha hiyo.

Rafiki yangu sasa anaitumia kwenye Expressway tu, kilomita zake 27, na akishuka Westlands anaizima. Wewe unayeendesha gari la namna hii, tafuta ile picha ndogo kwenye dashibodi. Kama haipo, mwombe mtu akufuate asubuhi ya Jumapili na simu mkononi mwa abiria. Ukiona foleni mbele na kuna mtu amekubana nyuma, gusa breki mwenyewe kidogo. Kruzi itakatika, na utalazimika kubonyeza kitufe ili irudi. Lakini taa itawaka.