Kwenda Ng'ambo Kusomea Urubani: Maneno kwa Wazazi wa Changamwe, Likoni na Kisauni

Mtu akishika njia ya Magongo kwenda Port Reitz hana budi kupita karibu na uwanja wa ndege, na watoto wa mitaa ile wamekua wakizisikia ndege zikipita juu ya mapaa yao mchana na usiku. Si ajabu basi kwamba mmoja wao, akiisha kumaliza kidato cha nne, humjia mzazi wake jioni baada ya chakula na kusema, "Baba, nataka kwenda ng'ambo kusomea urubani."

Jambo hili si geni katika Mombasa kama wengine wadhanivyo. Mwaka 1937 ndege za majini za kampuni ya Imperial Airways, zilizokuwa zikitoka Southampton kwenda Durban, zilikuwa zikituama juu ya maji yetu ya Mombasa kabla ya kuendelea Dar es Salaam na Lindi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wahandisi wa jeshi la anga la Afrika Kusini walijenga uwanja wa Port Reitz, na mwishoni mwa miaka ya 1970 uwanja huo ukapanuliwa, ukawa wa kimataifa, ukapewa jina la Rais Moi. Hata neno rubani lenyewe halikungoja ndege. Wazee wetu walilitumia kwa mtu ajuaye mlango wa bandari na miamba yake, apandaye chomboni akakiongoza mpaka ndani, na marubani wa namna hiyo wako Kilindini hata leo.

Basi kijana amesema neno lake, na baba anafikiri. Labda ana shamba la minazi upande wa Likoni, au kiwanja Kisauni alichoachiwa na marehemu baba yake. Makala haya hayakuandikwa ili kumkataza kijana, wala ili kumtia mzazi hofu. Yameandikwa ili mzazi ajue ni kitu gani hasa atakachokinunua kwa fedha zile, maana wengi hudhani wananunua cheti, kama mtu anunuavyo elimu ya ukarani au ya ualimu. Sivyo. Katika urubani kinachonunuliwa ni saa za hewani.

Kwa kanuni za mataifa, leseni ya kwanza, yaani ya mtu kujirushia mwenyewe bila kulipwa, huhitaji saa 40 hivi za kuruka, na mwenyewe awe ametimiza miaka 17. Leseni ya biashara, ambayo ndiyo impayo mtu ruhusa ya kulipwa mshahara kwa kurusha ndege, huhitaji saa 200, au 150 kwa aliyesoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa, na umri wa miaka 18. Marekani hutaka zaidi: saa 250, au 190 katika vyuo vya namna fulani. Kila saa moja kati ya hizo huchoma petroli, hulipa mwalimu, na hulipa ukodi wa ndege. Kwa hiyo mzazi akiletewa hesabu na chuo chochote, swali lake la kwanza liwe hili: "Hesabu hii ni ya saa ngapi?" Aghalabu bei iandikwayo katika karatasi za matangazo ni ya saa chache kabisa ziruhusiwazo na sheria, na wanafunzi wengi hupita kiasi hicho. Kijana akishindwa na jaribio moja, au mvua ikimzuia asiruke muda mrefu hata mkono ukasahau, saa huongezeka, na barua ya kuomba fedha huja nyumbani.

Lakini liko jambo moja litanguliaye hata hizo saa, nalo ni daktari. Rubani wa biashara lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, na cheti hicho hurudiwa kila mwaka. Hupimwa macho, masikio, moyo, mkojo na mengineyo. Miwani si kizuizi, maadamu mtu akivaa anaona sawasawa. Kutotambua rangi ndilo tatizo kubwa, kwa sababu mtu aweza kuishi na kasoro hiyo miaka ishirini asijue, akavua samaki, akaendesha baiskeli, akafaulu mitihani yote, kisha akafika mbele ya kitabu cha madoa ya rangi asiione tarakimu ambayo kila mtu aiona. Wako madaktari katika Kenya walioidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa kazi hii. Gharama ya kupimwa ni ndogo sana ikilinganishwa na thamani ya shamba. Kijana na apimwe kabla hata fomu moja haijajazwa, na kabla mnunuzi wa shamba hajaletwa kutazama mipaka.

Sasa aende wapi? Si lazima aanze mbali. Katika Kenya vyuo vingi vya urushaji viko uwanja wa Wilson, Nairobi, uliopewa jina hilo kwa ajili ya Bibi Florence Wilson, aliyeanzisha kampuni yake ya ndege mwaka 1929. Uganda kiko chuo cha Soroti, na historia yake yafaa ikumbukwe. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ilikifungua ili vijana wa nchi zetu tatu wajifunze urubani hapa hapa, wasilazimike kwenda Ulaya. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika letu la pamoja la ndege likavunjika nayo, na chuo kikabaki mikononi mwa Uganda. Addis Ababa nako Shirika la Ndege la Ethiopia limefundisha marubani tangu miaka ya 1960. Walio wengi waendao mbali huelekea Afrika Kusini au Marekani, kwa kuwa huko ndege ndogo ni nyingi na petroli yake si ghali kama kwetu.

Mfano mzuri ni wa Bibi Irene Koki Mutungi. Baba yake alikuwa rubani, naye akaanza kujifunza papo hapo Wilson, akapata leseni ya kwanza. Baadaye ndipo akaenda Oklahoma City, Marekani, kutafuta leseni ya biashara. Aliporudi aliingia Kenya Airways mwaka 1995, na miaka kadhaa alikuwa rubani mwanamke wa pekee katika shirika lile. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuwa nahodha wa ndege aina ya Boeing 787. Msomaji na autazame mpango huo: hatua ya kwanza nyumbani, ambapo mtu aweza kugundua kwa gharama ndogo kama kazi inamfaa au haimfai, ya pili ng'ambo. (Na mwenye binti asidhani kwamba sehemu hii ya makala haimhusu.)

Aendaye Marekani hana budi kuifahamu viza yake. Mwanafunzi wa chuo cha urushaji peke yake hupewa kwa kawaida viza iitwayo M-1, na mwenye viza hiyo haruhusiwi kufanya kazi wakati wa masomo. Yule asemaye, "Nitumie nusu ya fedha, nusu nitaitafuta huko kwa kuosha vyombo," ama hajasoma sheria au anaficha jambo. Baada ya masomo huweza kupewa ruhusa ya kazi ya mazoezi, mwezi mmoja kwa kila miezi minne aliyosoma, wala haizidi miezi sita. Anayesomea urubani pamoja na shahada katika chuo kikuu hupata viza nyingine, F-1, ambayo baada ya masomo huweza kumpa mwaka mmoja wa kazi ya fani yake. Lakini huyo hulipa karo ya chuo kikuu juu ya saa za hewani.

Tena tangu Septemba 11, 2001, ambapo baadhi ya watu walioteka ndege walikuwa wamejifunza kuruka katika vyuo vya Marekani yenyewe, mgeni atakaye kujifunza urubani nchini humo huchunguzwa na serikali na kuchukuliwa alama za vidole kabla ya kuanza. Kijana wa kwetu asione kwamba ametuhumiwa yeye. Ni sheria juu ya wageni. Ila hapa pwani tuna ugonjwa wetu mmoja. Mtu huitwa Mohamed katika cheti cha kuzaliwa, Muhammad katika kitambulisho, na Mohammed katika cheti cha shule. Jina la babu limo katika hati moja, katika nyingine halimo. Nyumbani jambo hili hatulijali. Mbele ya afisa wa uchunguzi, watu hao ni watatu. Hati zote zisawazishwe mapema, kwa kuwa kusahihisha jina huchukua muda.

Tuseme sasa kijana amekwenda, amefaulu, amerudi na leseni ya Marekani mkononi. Nyumbani pamepikwa pilau, majirani wamekuja. Je, kesho yake aweza kurusha ndege ya Kenya? Hawezi. Kwa Mapatano ya Chicago ya mwaka 1944, kila ndege ina taifa lake kama meli ilivyo na bendera yake, na rubani wake lazima awe na leseni iliyotolewa au kukubaliwa na taifa hilo. Ndege za Kenya hutambulikana kwa alama ya 5Y, za Tanzania kwa 5H, za Uganda kwa 5X. Kwa hiyo kijana atafanya mitihani ya sheria za anga za Kenya, atapimwa na mkaguzi, na atalipia hayo yote. Fedha za jambo hili ziwekwe kando tangu mwanzo, maana ndizo zisahaulikazo kuliko zote.

Kisha yaja mashaka yenyewe. Leseni ya biashara anayo na saa zake 200 anazo, ilhali leseni ya juu kabisa, ile ya nahodha wa ndege kubwa za abiria, huhitaji saa 1,500. Makampuni hupenda mtu aliyekwisha ruka sana, na mwenye saa 200 hulizwa swali lile lile kila mlango: "Una uzoefu gani?" Wengine hujifunza ualimu wa urushaji, wakalipwa kwa kuwafundisha wageni huku wao wenyewe wakihesabu saa. Wengine hukaa Wilson wakingoja nafasi ya kuwa rubani msaidizi katika ndege ndogo zipelekazo watalii Maasai Mara, Lamu na Ukunda, au zipelekazo miraa Somalia. Kungoja huko huweza kuwa miezi au miaka, na katika muda huo cheti cha daktari chadai kurudiwa na mkono wadai mazoezi, na vyote viwili ni fedha. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona uliposimamisha safari, hata marubani wenye maelfu ya saa walipoteza kazi, hapa Kenya na kwingineko.

Kwa sababu hiyo mzazi mwenye busara hagawi fedha zake kwa ajili ya masomo tu. Aweke fungu la masomo, fungu la kubadili leseni, na fungu la kumlisha kijana muda wa kungoja. Akiona mafungu matatu hayatoshi, ni heri kijana afanye kwanza kazi nyingine karibu na ndege: ufundi, uongozaji wa ndege, au kazi za uwanjani pale pale Port Reitz, huku akijilipia saa za Wilson kidogo kidogo. Njia hiyo ni ndefu, lakini haimwachi mtu bila kazi wala bila shamba.

Na juu ya shamba lenyewe kuna neno la mwisho. Kwetu pwani mtu aweza kuwa na minazi bila kuwa na ardhi iliyo chini yake, na benki haikopeshi juu ya minazi. Hutaka hati ya kumiliki ardhi. Mashamba mengi ya Likoni na Kisauni ni ya urithi ambao haujagawanywa, na jina lililoandikwa katika hati, ikiwa hati ipo, ni la mzee aliyekwisha fariki. Baba asimwahidi kijana jambo mpaka amekaa na ndugu zake, na dada zake pia waitwe, kwa kuwa fungu lao limo.