Majani ya Itasca

Msafiri atokaye Minneapolis akashika njia ya kaskazini-magharibi, akisha kuyaacha nyuma mashamba ya mahindi na miji midogo ya kandokando ya maziwa, hufika baada ya mwendo wa kiasi cha saa nne kwenye Hifadhi ya Jimbo ya Itasca, mahali ambapo Mississippi, mto ulio mashuhuri kupita mito yote ya Marekani, huchomoza ziwani kwa upole hata mtoto aweza kuuvuka kwa kukanyaga mawe. Wageni wengi huja kwa ajili ya mawe hayo. Lakini ajaye mwishoni mwa Septemba au siku za mwanzo za Oktoba atakuta ajabu ambayo sisi tuliozaliwa katika nchi za masika na vuli hatukuizoea: msitu mzima unavua kijani chake na kuvaa zafarani, dhahabu na damu ya mzee.

Sababu yake si baridi peke yake, kama wengi wanavyodhani. Mchana unapofupika, mti huacha kuunda umbijani, yaani ile rangi ya kijani ambayo kwayo jani hunasa mwanga wa jua na kujipatia chakula, na naitrojeni iliyokuwamo majanini huirejesha matawini iwe akiba. Hapo ndipo manjano, iliyokuwamo siku zote ilhali imefunikwa, hudhihiri kwenye miti ya betula na aspeni. Nyekundu ya meipoli ni habari nyingine, maana hiyo huundwa wakati uo huo kutokana na sukari iliyozuilika ndani ya jani, na aghalabu huwa kali mwaka ambao michana ina jua na usiku una ubaridi usiofikia kugandisha maji. Niliokota jani moja la meipoli, lote jekundu isipokuwa baka la manjano lililochongeka sawasawa na umbo la jani jingine, lile lililokuwa limelikinga na jua. Na tawini, juu ya kovu dogo lililoachwa na kikonyo, chipukizi la mwakani lilikwisha kukaa tayari, gumu na limefumba. Mwishoni kabisa, mingine yote ikisha kupukutika, hugeuka rangi tamaraki, mti wa jamii ya misonobari ambao, kinyume cha jamaa zake, sindano zake hupiga dhahabu na kuanguka.

Walakini, macho yakisha kushiba, haki ya mahali hapa ni kuuliza ni nani walioacha miti hii isimame. Mwaka 1832, Ozawindib wa kabila la Ojibwe alimwongoza Henry Schoolcraft, mpelelezi aliyekitafuta chanzo cha mto, hadi kwenye ziwa hili, ambalo watu wake walilijua tangu kale. Hazikupita enzi nyingi ila mashoka ya wafanyabiashara wa mbao yalikuwa yamekaribia. Jacob Brower, aliyelipima eneo hili, alishika kulisihi baraza la kutunga sheria, na Aprili 1891 hifadhi ya kwanza ya jimbo la Minnesota ikapatikana kwa ushindi wa kura moja tu. Hata hivyo sheria haikuwatuliza wakata miti. Mwaka 1903 Mary Gibbs, binti wa miaka 24 aliyerithi ukamishna wa hifadhi baada ya kufa baba yake, aliona bwawa la kampuni ya mbao likiigharikisha miti ya ufukoni, akaenda mwenyewe kuamuru milango ya maji ifunguliwe; akatishiwa bunduki, wala hakurudi nyuma. Hakudumu katika kazi hiyo, lakini mimi namhesabu miongoni mwa wanaostahili shukrani ya kila apitaye chini ya misonobari mirefu ya Itasca.

Ndugu zetu wanaosema Kiswahili katika Minneapolis, St. Paul na Brooklyn Park, ambao kazi za zamu huwanyima wasaa, nawasihi wasiiahirishe safari hii mpaka mwaka mwingine, wawachukue watoto na wazee wao, na koti zito, kwa kuwa fahari ya meipoli hukaa siku chache tu na mvua moja yenye upepo yatosha kuimaliza. Idara ya Maliasili ya jimbo hutoa kila wiki ramani ya hali ya majani katika hifadhi zake. Itazameni kuanzia katikati ya Septemba, kisha mpange siku.