Muuguzi wa Zahanati na Wajibu wa Chama cha Ushirika

Mwanachama wa Pito akiugua usiku ana nafuu ambayo wengine hawana. Mji wa Sumbawanga u karibu, na mjini zipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Dkt. Atiman. Mwanachama wa Muze, bondeni kwenye Ziwa Rukwa, hana budi kuupanda ukingo wa Lyamba lya Mfipa kabla ya kuzifikia hospitali hizo mbili. Hata hivyo, wote wawili kwa kawaida huanzia katika kituo kilicho jirani nao, na anayewapokea hapo mara nyingi ni muuguzi. Kwa hiyo suala la muuguzi linawahusu wanachama wote, wa mlimani na wa bondeni.

Ufipa wanalikumbuka jina la Adrien Atiman, aliyekombolewa utumwani, akasomea uganga Malta, na kutumikia Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Elimu yake ilikuwa na thamani kubwa, lakini thamani hiyo iliongezeka kwa sababu alikaa. Mtumishi anayekaa huwajua watu wake, akajua ni nyumba ipi yenye mama mjamzito na ni mtoto yupi hajakamilisha chanjo.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilielekeza nguvu zaidi katika zahanati na vituo vya afya vijijini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza na kuchimba vyoo. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata yakakubaliana kuhusu afya ya msingi: huduma iwe karibu na watu, na wananchi washiriki kuiendesha. Tanzania ilikuwa imekwisha kuianza njia hiyo.

Miaka ya 1990 ilileta dhiki. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza mwaka 1993, na kwa miaka kadhaa ajira Serikalini zilizuiwa. Wanaushirika wanaielewa hali ya namna hiyo. Vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, hadi sheria ya mwaka 1982 ilipovirejesha, majengo yalibaki lakini watendaji wenye ujuzi walitawanyika. Jengo hurudishiwa bati kwa siku chache. Ujuzi huchukua miaka kurudi. Hii ndiyo sababu mpango ulioanza mwaka 2007, wa kuwa na zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, umetegemea sana kupatikana kwa watumishi.

Kazi ya muuguzi wa zahanati ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Hupima wajawazito, huzalisha, huchanja watoto, hufundisha uzazi wa mpango, hufunga vidonda, na hutunza kumbukumbu. Chanjo nyingi zinapaswa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Jokofu likizimika bila mtu kuangalia, dawa huharibika. Kazi hii inasimamiwa na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na kila muuguzi hana budi kusajiliwa na Baraza.

Matunda yake yanaonekana. Katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16, akina mama 63 katika kila 100 walijifungulia katika vituo vya huduma. Katika ule wa 2022 walikuwa 81. Lakini mzigo ni mzito. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 kwamba dunia ilikuwa na upungufu wa wauguzi milioni 5.9, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo. Kijijini upungufu huo una maana iliyo wazi: muuguzi akiwa peke yake, akiwa anazalisha, foleni ya watoto husubiri, akienda likizo, mlango hufungwa.

Chama cha msingi hakiwezi kuajiri muuguzi, wala hakipaswi kuchukua nafasi ya Serikali. Hata hivyo kinaweza kumsaidia akae. Kwanza, nyumba: muuguzi anayelala mbali na zahanati hapatikani usiku. Wanachama wanaweza kuchangia tofali, mchanga na nguvu zao. Pili, usafiri wa dharura: chama kikubaliane mapema na mwenye gari, na bei ijulikane, kabla ya masika kuharibu barabara. Tatu, bima: Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Mkulima wa mahindi na maharage hupata fedha baada ya mavuno, basi huo ndio wakati wa katibu kuwahimiza wanachama walipe. Nne, kamati ya usimamizi ya kituo ina wajumbe wanaotoka kwa wananchi; wanachama wenye uzoefu wa hesabu wajitokeze, kwa kuwa siku hizi sehemu ya fedha za Serikali hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo.

Liko tahadhari moja. Mchango wowote kwa ajili ya zahanati uamuliwe na mkutano mkuu, kwa mujibu wa masharti ya chama. Kila shilingi ikatiwe stakabadhi, iingizwe katika daftari la fedha, na isichanganywe na malipo ya mazao ya wakulima. Mchango usio na stakabadhi huzaa manung'uniko, na manung'uniko hayo humwangukia muuguzi asiyehusika.

Makatibu wanaombwa kuliweka jambo hili katika ajenda ya mkutano mkuu ujao, na kumwalika muuguzi wa eneo lao aeleze mwenyewe kinachomkwamisha. Huenda akataja jambo dogo, kama vile maji au taa ya usiku. Jambo dogo la aina hiyo laweza kuwa ndilo linalomfanya aombe uhamisho.